Harufu ya Mpira Ulioungua

Mtoto ndiye aliyeinusa kwanza. Nilikuwa uani nakung'uta mashuka, upepo wa Same umeshaanza kurusha vumbi kama kawaida yake, akatokeza mlangoni nywele zimesukwa nusu, kitana mkononi.

"Mama mdogo, kuna kitu kinaungua huku ndani."

Nikakimbilia jikoni. Jiko lilikuwa limezimwa. Harufu ilikuwa inatoka kwenye kile chumba kidogo cha pembeni ya bafu tunakoweka mashine ya kufulia. Ilikuwa harufu ya mpira, ile inayobaki barabarani lori likifunga breki ghafla. Mashine ilikuwa inazungusha ovaroli za mume wangu. Inanguruma, inasita, inanguruma tena kwa sauti ya mtu anayebeba mzigo uliomzidi. Nikazima swichi ukutani, nikachomoa plagi, nikafungua dirisha. Kisha nikasimama pale, mkono puani, nikaitazama.

Nilifurahi. Sikuogopa moto, wala sikuzihurumia nguo zilizomo ndani. Nilifurahi kama mtu aliyesikia adui yake ameumwa jino.

Mashine ile haikuwa yangu. Ilinunuliwa na mwanamke aliyekuwa kwenye nyumba ile kabla yangu. Yeye na mume wangu waliishi pamoja bila ndoa ya kanisani, wakazaa binti mmoja, kisha akahamishiwa kufundisha shule ya msingi huko Msangeni, juu milimani upande wa Mwanga, na uhamisho ule polepole ukageuka kuachana. Alichukua vyombo vyake na kitanda chake. Mashine akaiacha. Alisema chumba alichopanga hakina pa kuiweka, na kwamba binti yao akija kusoma sekondari Same atahitaji nguo safi. Binti akaja kusoma. Mimi nikaja kuolewa, kanisani, kwa shela na kwaya, nikaikuta mashine imesimama pale pembeni ya bafu, imefunikwa kitambaa alichokidarizi yeye mwenyewe, maua mekundu na majani ya kijani.

Kitambaa nilikitoa wiki ya kwanza. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule kwenye kibanda karibu na stendi; sikushindwa kushona changu. Lakini mashine yenyewe ningeitoa vipi? Mume wangu anaendesha lori la jasi kutoka machimbo ya Makanya. Anarudi nyumbani mweupe kuanzia kope mpaka vidole vya miguu, na jasi ikishaingia kwenye ovaroli, maji ya kwanza yanakuwa uji. Hizo si nguo za kufua kwa mikono, hasa kwa mtu ambaye mikono hiyo hiyo inampa riziki. Kwa hiyo kila nilipoiwasha nilimshukuru yule mwanamke, na kila nilipomshukuru nilichukia.

Na kulikuwa na hili la kuitwa mama mdogo. Halina ubaya, ndivyo mtoto anavyopaswa kumwita mke wa baba yake. Lakini kuna siku neno hilo "mdogo" lilinichoma kama mwiba wa mgunga. Nampikia, namfulia, naamka kwa ajili yake kabla ya kunguru, na bado mimi ni mdogo. Mkubwa yuko Msangeni, anakuja kwenye simu kila jioni, na mtoto anatoka nje kuongea naye, anacheka kicheko ambacho ndani ya nyumba sikisikii.

Nilimpigia mume wangu. Alikuwa njiani kwenda Tanga, nikasikia lori linavuma nyuma ya sauti yake. Nikamweleza.

"Usiifungue," akasema. "Ngoja nimpigie mama yake mtoto. Ile mashine anaijua yeye."

"Na mimi je? Si ndiyo ninayofulia kila wiki?"

"Wewe unaitumia. Yeye anaijua."

Hakukusudia ubaya. Ni mtu wa maneno machache na hayapimi kabla ya kuyatoa. Lakini nilikaa na sentensi ile siku nzima kama mchanga kwenye kiatu. Anaijua yeye. Na nini kingine anakijua yeye, humu ndani, ambacho mimi nakitumia tu?

Simu kutoka Msangeni haikuchelewa. Tulikuwa tumeshasalimiana mara kadhaa, kwenye mahafali ya shule na kwenye msiba mmoja, lakini hatukuwa tumewahi kupigiana.

"Mdogo wangu, habari za hapo?" Sauti yake ilikuwa ya mwalimu, kila neno limenyooka.

"Nzuri, dada. Za Msangeni?"

"Baridi tu. Nimeambiwa mgonjwa wetu hali mbaya."

Mgonjwa wetu. Nikauma mdomo.

"Harufu yake ni ya mpira au ya plastiki?" akauliza.

"Ya mpira."

"Plagi uliigusa? Ilikuwa ya moto?"

"Ya baridi. Soketi nayo haijabadilika rangi."

"Hiyo ni heri. Kama ingekuwa umeme ungesikia harufu kali ya plastiki, na plagi ingekuwa na alama nyeusi. Sasa ingiza mkono ndani ulizungushe lile pipa. Linakwenda kwa wepesi?"

Nikaweka simu kwenye beseni, nikatoa ovaroli zilizolowa, nikalizungusha. Lilikwenda kidogo, likagoma, nikalisukuma likaenda tena, na mahali fulani kukasikika mkwaruzo mwembamba.

"Zito," nikamwambia. "Na kuna kitu kinakwaruza."

"Basi usiiwashe tena. Mkanda utakatika, au mbaya zaidi." Kisha akauliza: "Siku hizi unajaza kiasi gani? Maana mimi nilikuwa siweki ovaroli zaidi ya mbili. Mwenzako alikuwa anapenda kushindilia zote, nikawa nazificha nyingine chini ya kitanda."

Akacheka. Nami nikacheka, kwa adabu. Nilipokata simu nilikwenda chumbani nikatazama chini ya kitanda, sijui natafuta nini.

Jumatatu nilimleta fundi wa mjini, bila kumwambia mtu. Alifungua kifuniko cha juu, akanusa, akatikisa kichwa. Mota imeungua, akasema. Haina matengenezo ya maana, lakini anaweza kuichukua kwa ajili ya vipuri na kunisaidia kupata nyingine. Nilijua hajaiangalia sawasawa. Cherehani yangu ina mota, na mota ikiungua naijua harufu yake. Ni kali, inapanda kichwani. Hii haikuwa hiyo. Hata hivyo nilimwambia aende akatafute mkokoteni, aje aichukue.

Mtoto akarudi kutoka shule tukiwa bado tunazungumza. Akasimama kizingitini na begi mgongoni.

"Mama mdogo, inapelekwa wapi?"

"Imekufa, mwanangu. Fundi anasema mota imeungua."

"Lakini si ya mama ile?"

Alisema taratibu, bila jeuri, na hilo ndilo lililonishinda. Ningeweza kupambana na jeuri. Nikamwambia fundi asubiri mpaka mume wangu arudi. Jioni mtoto akatoka na simu yake mpaka kwenye ukuta wa nyuma, akaongea muda mrefu, hakucheka. Na kabla sijalala nikapata ujumbe kutoka Msangeni: "Mdogo wangu, usimpe fundi. Jumamosi nakuja mwenyewe."

Wiki ile niliisafisha nyumba kana kwamba anakuja askofu. Nilifua mapazia kwa mikono. Niliosha sufuria mpaka chini. Nilitoa kitenge nilichojishonea kwa harusi ya mdogo wangu huko kwetu Mhezi, kisha nikakirudisha, maana nani anavaa kitenge cha harusi kumpokea mtu anayekuja kufungua mashine? Mwishowe nikavaa dera la kawaida, lakini jipya. Ijumaa niliinjika makande, mahindi na maharage, nikayaacha yachemke taratibu mpaka yakawa laini kabisa, kwa sababu mume wangu aliwahi kuniambia kwamba makande ya yule mwanamke yalikuwa magumu. Nililishika neno lile kama mtu aliyeokota sarafu ya dhahabu.

Jumamosi alikuja na tenga la ndizi na magimbi. Ni mrefu kunizidi, mwembamba, amekata nywele fupi, na ana macho ya mtoto yule yule ninayemwamsha kila asubuhi. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Mtoto alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, kwa hiyo tulikuwa wawili tu. Nilimkaribisha sebuleni, yeye alikwisha kuzunguka nyuma na kuingilia mlango wa jikoni.

"Tunywe chai kwanza, dada."

"Tutakunywa. Tuione kwanza, tusije tukapata uvivu."

Akavua koti. Kisha akanyoosha mkono juu ya fremu ya mlango wa stoo, bila hata kutazama, akapapasa, akashusha bisibisi na spana ndogo, zimejaa vumbi.

Sikuwa najua kama kuna kitu kule juu. Nilikuwa nimeishi kwenye nyumba ile, nimepaka rangi kuta zake, nimezika paka uani, na sikuwahi kuujua ule upenyo wa juu ya mlango. Na siku zote mume wangu akihitaji bisibisi alikuwa anaazima kwa jirani. Kwa hiyo hata yeye alikuwa hajui, au amesahau. Ilikuwa siri ya huyu mwanamke na nyumba. Wivu ulinipanda mpaka masikioni, nikasikia joto lake.

"Ziko pale pale," akasema, akizifuta kwa pindo la gauni. "Nilikuwa nazificha ili asizipeleke kwenye lori."

Tukaivuta mashine kutoka ukutani. Nikafunga bomba la maji, tukamwaga maji yaliyobaki kwenye beseni, na kwa mara nyingine nikahakikisha plagi imelala sakafuni. Akafungua parafujo za bati la nyuma moja moja, akaziweka mdomoni kama ninavyoweka pini. Bati lilipotoka, ile harufu ikatupiga usoni tena, hafifu, iliyolala. Kulikuwa na gurudumu kubwa, mkanda mwembamba umelizunguka, na chini yake mota. Ndani ya bati kulikuwa na unga mweusi.

Hapo niliijua kazi. Nilipiga magoti mbele yake, nikabonyeza mkanda kwa kidole, nikaugeuza upande wake wa ndani. Uling'aa kama kiatu kilichopigwa rangi.

"Umekuwa ukiteleza," nikasema. "Mota inazunguka, pipa linagoma, mkanda unasugua mahali pamoja. Hata cherehani yangu hufanya hivi uzi ukijisokota kwenye gurudumu. Mota haijaungua. Huu ni mpira tu."

"Kwa hiyo swali ni kwamba pipa linagomea nini."

"Kuna kitu kimeingia katikati, kati ya pipa na ganda lake."

Akanitazama, na nikaona ameacha kuniangalia kama mdogo wake. "Zamani iliwahi kuingia sarafu," akasema. "Fundi wa wakati ule aliitolea hapa." Akaonyesha hita, kipande cha chuma kilichochomekwa chini ya pipa na kubanwa kwa nati moja. Akachomoa nyaya zake baada ya kunionyesha kila moja inakaa wapi, akalegeza nati, akaanza kuichezesha hita huku na huku. Iligoma. Maji yetu ya Same yana chumvi, na chumvi ilikuwa imeigandia ikawa kama mfupa. Tukaishika wote wawili, mikono yake na yangu kwenye kipande kile kile cha chuma, tukavuta, ikatoka ghafla, tukaanguka kwa makalio.

Tulicheka kwa kweli mara hii. Tuliongea hata Kipare kidogo, chake cha milima ya kaskazini na changu cha kusini, kila mmoja akimcheka mwenzake anavyotamka. Nakumbuka nilifikiri: katika maisha mengine huyu angekuwa rafiki yangu. Kisha nikawasha tochi ya simu nikamulika kwenye tundu.

"Kipo," nikasema. "Kinang'aa."

Mkono wake haukuweza kupita. Wangu ni mdogo. Nikaingiza vidole, kisha koleo, nikakipapasa, nikakishika, nikakivuta polepole. Kilikuwa waya, umepinda kama mwezi mchanga, ncha moja imekwanguliwa, ncha nyingine bado ina kofia yake nyeupe ya plastiki.

Hakuna mwanamke asiyeujua waya ule. Ni wa sidiria.

Niliuweka kwenye kiganja. Mimi sivai zenye waya. Zinanichoma, na fundi cherehani ameinama siku nzima. Kwa hiyo nikauona ni wa kwake. Ndivyo nilivyoufikiria mara moja, bila kusita: wa kwake. Lakini waya haukuwa na kutu. Kwenye maji yale ya chumvi, waya wa zamani ungekuwa umelika. Huu ulikuwa umeingia juzi juzi. Na mwezi uliopita mimi nilikuwa Mhezi, namuuguza mama yangu, nyumba nimewaachia mume wangu na binti yake.

Kicheko chote kikanitoka mwilini.

"Wa kwako?" akaniuliza.

"Nilikuwa nataka kukuuliza wewe."

Akakunja uso. "Mimi? Huu mpya."

"Ndiyo maana nakuuliza, dada. Nilipokuwa Mhezi, ulikuja hapa?"

Akauchukua waya kiganjani kwangu, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Nilidhani atafoka. Badala yake akaongea taratibu kuliko mwanzo.

"Mdogo wangu. Nilipoondoka kwenye nyumba hii niliacha mpaka mashine. Nirudi kufuata nini?"

"Sijui. Ndiyo nauliza."

"Sikuja." Kisha, baada ya kunitazama vizuri: "Umekuwa ukiniwazia hivyo siku zote?"

Nilikuwa nimemwazia hivyo na zaidi ya hivyo. Akaketi kwenye beseni lililopinduliwa, akaanza kukunja na kukunjua pindo la gauni lake.

"Basi na mimi nikuambie," akasema. "Kila Jumapili mtoto ananitumia picha ya chakula chenu. Meza, kitambaa, ninyi watatu. Naiangalia mpaka simu inazima mwanga. Unadhani nimekuja kutoka Msangeni kwa ajili ya mkanda? Ningekuelekeza kwenye simu. Nilitaka kuona anakaa wapi mezani."

Hakulia. Mimi ndiye niliyekaribia. Lakini wivu ni kitu cha ajabu, haukuondoka, ulihama tu. Maana kama waya si wake na si wangu, basi ni wa nani? Tulifika kwenye swali hilo kwa pamoja, nikaliona likimfika usoni. Na mara hiyo hiyo tukawa upande mmoja, sisi wawili dhidi ya mtu aliyekuwa njiani kurudi na lori.

Alifika tukiwa bado sakafuni. Alisimama mlangoni, mweupe kwa jasi, akatutazama tulivyokaa, hita katikati yetu kama kuku aliyechinjwa, na nadhani aliona afadhali angebaki Tanga.

"Habari za hapa," akasema.

"Pole na safari," tukajibu, wote wawili, kwa wakati mmoja, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa kuchukia ule mwafaka.

Mama yake mtoto akainua waya. "Tumeutoa humu. Si wangu, si wa mkeo."

Mume wangu akautazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote: kubisha, kukasirika, kusema sijui. Nilijiandaa kumsoma macho. Alichofanya ni kuvua kofia, akajikuna kichwa, jasi ikamwagika mabegani.

"Huo ni wa mtoto," akasema.

Mama yake mtoto akaushusha waya.

"Wewe ulikuwa Mhezi," akaniambia. "Akaja hapo kwenye kochi, akaniambia, 'Baba, nahitaji vitu vya wasichana na sijui vinanunuliwa wapi.' Nikampeleka gulioni. Nikamtafutia mama mmoja anayeuza mitumba, nikamwambia, msaidie binti yangu achague. Nikasimama pembeni, nimegeuzia uso upande wa viatu, mpaka walipomaliza. Sikuona ni jambo la kutangaza." Akatutazama tena, mmoja mmoja. "Nilikosea?"

"Hapana," nikasema.

"Hukukosea," akasema mwenzangu.

Akaenda kuoga. Tulimsikia akimwaga maji. Sisi tulibaki pale pale. Nilifikiri juu ya kamba yangu ya nguo uani, ambayo naiangalia kila siku na kila kinachoning'inia juu yake. Alikuwa anazianika wapi? Chini ya taulo, labda, au dirishani kwake baada ya mimi kwenda kibandani. Mtoto amekua ndani ya nyumba yangu na nimeambiwa na mashine.

"Mimi nilidhani habari za kukua kwake amekwambia wewe," mwenzangu akasema. "Nikawa nasubiri likizo ifike, nimwulize kwa ujanja amekuambia nini. Nilikuwa nakuonea wivu kwa jambo ambalo hata hukulijua."

"Na mimi nilidhani mambo hayo mnayamaliza kwenye simu. Nilijisemea, ana mama yake, mimi niingie wapi?"

"Tumezubaa wote wawili."

"Tumezubaa."

Tukasafisha hita kwa kisu butu, tukaikwangua chumvi mpaka chuma kikaonekana, tukairudisha na kuikaza, kila waya mahali pake. Tulilizungusha pipa kwa mkono. Lilikwenda jepesi, bila mkwaruzo. Mkanda ulikuwa umeshaharibika, lakini mume wangu aliahidi kuutafuta Moshi safari inayofuata, na alitimiza. Tulikula makande. Mwenzangu alikula sahani nzima, akaongeza, akasema ni laini sana, na yake yeye huwa yanamgomea. Nilifurahi kidogo tu, si kama nilivyopanga.

Mtoto alirudi kutoka kwaya, akamkuta mama yake, akamrukia. Kisha akauona waya, tuliokuwa tumeusahau dirishani, akaganda. Mama yake akaufunika kwa kiganja, akaanza kumuuliza habari za mtihani. Hatukumwuliza kitu mbele ya watu. Lakini baada ya kumsindikiza mama yake stendi, tukirudi wawili tu kwa miguu, nilishindwa kunyamaza.

"Ulishindwa kuniambia?"

Alitembea kidogo akitazama viatu vyake. "Sikushindwa."

"Basi mbona hukusema? Si kwangu wala kwa mama yako."

"Ningekuambia wewe, mama angeumia. Ningemwambia mama, wewe ungenuna." Akainua mabega. "Baba hanuni."

Nilitaka kusema kwamba mimi sinuni. Nikatazama milima mbele yetu, jua limeipiga upande mmoja, nikatafuta namna ya kulisema hilo bila uso wangu kunisaliti. Sikuipata.

"Hizo zenye waya zitakuumiza," nikamwambia mwishowe. "Nitakushonea za pamba. Uniambie tu ukitaka."

"Za rangi gani?"

"Utakayochagua."

Alichagua bluu. Nilimpima kibandani jioni moja baada ya kufunga mlango, mkanda wa kupimia shingoni kwangu, na alisimama wima akizuia kicheko. Sijawahi kushona kitu kidogo kwa uangalifu kama ule. Nikashona na nyingine nyeupe, kwa ajili ya shule.

Isingekuwa kweli kusema kwamba tangu siku ile niko huru. Likizo ikikaribia na mtoto akianza kupanga begi lake la Msangeni, huwa naona kasoro kwenye kila kitu, chumvi imezidi, mlango umeachwa wazi, na mume wangu hutafuta sababu ya kwenda kuangalia matairi. Mama yake naye yuko hivyo hivyo, najua, kwa sababu tunapigiana sasa. Juzi alipiga nikiwa na mtoto dukani tunachagua viatu vya shule.

"Mko wapi?" akauliza.

"Mjini, dada. Tunanunua viatu. Mguu umekua, vya zamani vimembana."

Kukawa kimya upande wa pili. Si kirefu. Ni kama mtu aliyekunywa chai ya moto na hataki wageni wajue. Mimi nilikijua kimya kile. Nimekaa nacho tangu nilipoolewa, najua kinaanzia wapi na kinamshika mtu mahali gani.

Mtoto alikuwa ameinama anajaribu kiatu cha kushoto. Nikamgusa bega, nikampa simu.

"Ongea na mama yako," nikasema. "Mwambie ni viatu vipi vinakupendeza."

Nikasogea upande wa soksi, nikawaacha.